Semina ya Kumsikiliza Mgonjwa

Mwenye njaa husikia harufu ya chungu cha nyumba ya saba. Ndivyo yule aliyeitwa Dokta mtaani kwao alivyoisikia harufu ya pesa akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki, amepakata mkoba wa mama yake, akijifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Tuseme ukweli mapema, maana yeye hatausema. Dokta hakuwa daktari. Aliondoka nyumbani ujanani kwenda kusomea udaktari, akapotelea njiani, akarudi na koti jeupe. Koti lenyewe lilikuwa la muuza nyama, lakini lilifuliwa vizuri. Mama yake alipoliona alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka, na tangu siku hiyo jina likamganda. Katikati ya hapo Dokta aliuza fremu za miwani zisizo na vioo, aliuza viwanja vya watu wengine, na aliuza dawa ya kuotesha nywele huku kichwa chake mwenyewe kikimeremeta kama sahani. Wateja walipomuuliza, alijibu bila kupepesa: "Mimi ndiye picha ya kabla. Picha ya baada anakuja kesho."

Mama hakuuliza kitu. Aliwaambia watu mwanawe ana kazi katika hospitali kubwa ng'ambo ya mji, na Dokta akaondoka nyumbani kila asubuhi kwenda huko kusikokuwepo. Mama alipoanza kuugua, akamwambia, "Daktari hamtibu mama yake. Ni maadili ya kazi. Mkono hutetemeka." Isipokuwa siku moja alipobanwa mbele ya wageni, ikabidi ampime homa. Mama akashukuru, akanyamaza.

Kwa hiyo walikuwa wateja wa kliniki. Mkoba aliopakata Dokta ulikuwa mweusi, mkubwa, umejaa dawa za miaka: vidonge vya mgongo, vya miguu, vya kuleta usingizi na vya kuuondoa. Ukiutikisa ulilia kama kayamba.

Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi kidogo. Ndani, daktari kijana alikuwa anamalizana na mama, na daktari mpasuaji mmoja mnene alikuwa ameegemea fremu ya mlango akimsubiri.

"Ni umri, mama," alisema daktari kijana, macho tayari yakiwa kwa mpasuaji. "Pumzika, kunywa maji. Mkubwa, karibu."

"Umeshapata alama zako za mwaka?" aliuliza mpasuaji.

"Alama gani, na foleni hii yote?"

"Sheria ni sheria, mdogo wangu. Bila alama za mafunzo endelevu, Baraza la Madaktari halikuhuishii leseni. Mwakani utajikuta unauza soksi."

"Sasa nitazipata wapi?"

"Kwenye semina. Mimi miaka yote ni hivi: unalipa, unasaini, unakunywa chai, unatokea mlango wa jikoni. Alama zako unazo. Ila mwaka huu, bwana, wamebadili..."

"Dokta!" iliita sauti ya mama, imekwaruza kama kiatu kwenye changarawe. "Njoo unishike mkono, miguu imekufa ganzi."

Dokta akainuka. Nusu ya pili ya maneno ya mpasuaji ikabaki nyuma yake kwenye korido, wala hakuijutia. Kichwani mwake palikuwa pamejaa nusu ya kwanza: unalipa, unasaini, unakunywa chai, unatoka. Katika maisha yake yote ya kutafuta mjinga wa kuibiwa, hakuwahi kukutana na watu waliokuwa wanalipa ili wasipewe kitu, na wakaondoka wenyewe kabla mwizi hajaondoka.

"Mbona unatabasamu?" mama aliuliza.

"Nimefurahi umeambiwa huna ugonjwa."

"Eti," alisema mama.

*

Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na duka la kuchapa na kurudufu karatasi. Alikuwa mtu wa woga. Aliogopa polisi, umeme na mbwa, lakini zaidi ya vyote alimwogopa mama mkwe wake. Akisikia kikohozi chake tu, huinuka kitini, hata kama yuko peke yake na kikohozi kimepita barabarani.

"Unataka nichape vyeti vya madaktari," alisema shemeji, akiangalia mlangoni. "Wewe, ambaye ukiona damu unakaa chini."

"Si vyeti vya udaktari, shemeji, usinivunjie heshima. Ni vyeti vya kuhudhuria semina. Udaktari wanao tayari."

"Na kibali cha Baraza?"

"Mhuri si unao?"

"Ninao wa chama cha wafuga kuku."

"Ukiupiga kwa haraka, kuku haonekani."

Shemeji akafuta uso kwa karatasi iliyoharibika. "Na nani atafundisha?"

"Nitafundisha mimi mpaka chai. Baada ya chai nitafundisha viti. Shemeji, sikiliza. Daktari anayelipia semina halipii maarifa. Analipia kuondoka."

"Na somo?"

Hapo Dokta alinyoosha koti. Somo alikuwa amelifikiria kwa makini kuliko alivyowahi kufikiria jambo lolote la halali. "Kumsikiliza Mgonjwa. Halihitaji mashine, halihitaji maneno ya vitabuni, na hakuna daktari atakayekubali kwamba halijui. Kwa hiyo hakuna atakayebaki."

Tangazo likatumwa kwa simu. Likatoka kwa nesi mmoja likaenda kwa daktari wa meno, kutoka kwa daktari wa meno likasambaa kama chawa bwenini. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha na madaktari wengi walikuwa hawana alama hata ya kuonjea.

Kosa moja dogo lilifanyika. Shemeji alimweleza mkewe. Mkewe ni dada yake Dokta, na dada yake Dokta hajawahi kunyamaza na jambo hata likiwa la moto mdomoni. Akamwambia mama: "Dokta anafundisha madaktari wenzake."

*

Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, una mapazia mazito, maua ya plastiki, na feni iliyokuwa inazunguka kwa kulalamika. Mlangoni, shemeji alikaa nyuma ya meza na mkoba mweusi wa kuwekea ada, akitoa risiti.

Madaktari wakaja. Wengine walikuwa wametoka zamu, macho mekundu. Wengine waliingia wakiongea na simu, wakasaini wakiongea na simu, wakakaa wakiongea na simu. Mpasuaji mnene alikuja. Daktari kijana wa kliniki alikuja. Mwishoni akaingia daktari mmoja mama mtu mzima, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alisoma tangazo la ukutani mstari kwa mstari, akaukaribia mhuri mpaka pua ikaugusa, kisha akamgeukia Dokta.

"Shikamoo, daktari," alisema Dokta.

"Marahaba. Wewe ndiye mwezeshaji?"

"Ndiye."

"Vizuri. Nitakaa mbele. Masikio yangu yamechoka."

Dokta akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumletea mwanafunzi kiziwi.

Akaanza. Kwa kuongea bila kusema kitu, Dokta alikuwa na kipaji ambacho, kingetumika vema, kingemfikisha bungeni. "Waheshimiwa matabibu! Kusikiliza ni nini? Kusikiliza ni kusikia kulikotulia. Na mgonjwa ni nani? Mgonjwa ni mtu, ila anaumwa. Basi tukiyaweka haya mawili pamoja, tunapata nini?" Akawatazama mmoja mmoja. Daktari wa meno akaandika kitu. "Tunapata," alisema Dokta, "chai."

Wakacheka, wakainuka. Ilikuwa imeenda kama maji kwenye mteremko. Dokta akasimama karibu na meza ya biskuti akisubiri kuona migongo ikiyeyukia mlango wa jikoni. Alisubiri. Migongo ilikunywa chai. Migongo ikala biskuti. Kisha migongo ikageuka, ikarudi ukumbini, ikakaa.

Dokta akamsogelea mpasuaji. "Mkubwa, nadhani unayo mengi ya kufanya. Hospitali haina Jumamosi. Sisi hapa tunaelewa."

"Niende wapi?" alisema mpasuaji kwa uchungu wa kweli. "Kwani hujui? Mwaka huu saini ya kuingia peke yake haina alama. Sheria mpya: unasaini tena wakati wa kutoka, mwisho wa kipindi, mbele ya mwezeshaji. Na mwezeshaji akifunga mapema, wote tunapoteza. Tumeletewa nyumbani mpaka barua. Wewe si ndiye mwenye kituo cha mafunzo?"

"Nilikuwa nakupima," alisema Dokta.

Basi hii ndiyo ile nusu ya pili ya maneno iliyobaki kwenye korido. Ukumbi mzima wa madaktari wenye usingizi ulikuwa umekaa ukimtazama, na mbele yao palikuwa na alasiri nzima isiyo na somo. Walikuwa watu wa sheria sasa. Hakuna balaa kubwa kwa tapeli kuliko wateja kuanza kufuata sheria.

Dokta na shemeji wakatazamana.

"Naenda msalani," alisema Dokta.

"Na mimi naenda kukagua vikombe," alisema shemeji, akichukua mkoba wa ada.

*

Dirisha la choo lilikuwa dogo, lakini Dokta alikuwa amepita madogo zaidi. Alipanda juu ya ndoo, akatoa mguu wa kulia nje, akakaa kwenye kizingiti cha dirisha kama mtu anayepanda punda. Ndoano ya dirisha ikamshika suruali. Alikuwa anajinasua pale ndipo sauti ilipomfikia kutoka ukumbini, imekwaruza lakini imejaa fahari:

"Hamjambo wanangu! Mimi ndiye mama wa mwalimu. Nikae wapi?"

Dokta akaganda, mguu mmoja uhuruni, mmoja kifungoni.

Alikuwa amewadanganya watu wengi, na kila uongo aliuacha nyuma kama mtu anavyoacha hoteli asiyolipia, bila kugeuka. Lakini huu mmoja haukuwa wa kuachwa. Ulikuwa umevaa gauni la sherehe, umepaka mafuta, umekuja na viatu vinavyoubana, umekaa mstari wa mbele. Akitoroka, mama ataulizwa mwanawe ni daktari wa wapi. Atasema. Wataulizana. Kisha watacheka, na hatacheka mtu mwingine ila madaktari, mbele yake, juu ya kitu pekee anachojivunia duniani.

"Pumbavu wee," alijiambia Dokta, kwa upole, kama anayemwambia mtoto. Akaurudisha mguu ndani. Suruali ikachanika.

Aliporudi ukumbini, koti limefungwa kufunika mpasuko, mama alikuwa amekaa kando ya daktari mwenye miwani, mkoba mweusi magotini. Akampungia mkono kwa siri, kama anayempungia mtoto kwenye mchezo wa shule.

"Tuendelee," alisema Dokta. Halafu hakuwa na la kuendelea nalo. Feni ililalamika. Daktari kijana alipiga miayo. Na hapo, kwa kuwa hakuna kilichobaki kichwani mwake, Dokta akasema jambo la kwanza la akili aliloliwaza siku hiyo: "Semina ya kumsikiliza mgonjwa bila mgonjwa ni upuuzi. Nani hapa anaumwa?"

"Mimi," alisema mama, na alikuwa ameshasimama.

"Mama, wewe ni..."

"Umeuliza nani anaumwa, mwalimu. Au hukutaka jibu?"

Ukumbi ukacheka. Akaletewa kiti mbele. Dokta akafikiria haraka: mama akianza kuongea anaweza kuimaliza alasiri bila msaada. "Sharti ni moja," alitangaza. "Hakuna kumkatiza mpaka aseme amemaliza. Hakuna swali, hakuna saa, hakuna simu. Atakayemkatiza hapati saini."

Manung'uniko yakapita. Madaktari wangekubali upesi zaidi kukatwa kidole. Mama akaweka mkono juu ya mkono.

"Mimi nina baridi," alianza. "Si ya mvua. Watu wanajipepea, mimi natafuta sweta."

Mpasuaji akafungua mdomo. Dokta akainua kidole. Mpasuaji akaufunga.

"Mwacheni apumue," alisema mama, "huyu akinyamaza sana atapasuka. Basi. Nikikaa nalala. Juzi nimelala nimeshika mwiko, sufuria ikaungua, nikaamshwa na jirani. Miguu inavimba. Uso unavimba, mnadhani nimenenepa kwa raha. Nywele zinabaki kwenye kitana. Na sauti hii mnayoisikia si yangu. Yangu ilikuwa inavuka barabara. Nilikuwa nikimwita huyu mwanangu yuko kwa kinyozi, anasikia na kinyozi anasikia. Sasa namwita yuko chumba cha pili, hanisikii."

Dokta alitazama viatu vyake. Alikuwa ameisikia sauti ile ikipungua mwezi baada ya mwezi. Alidhani mama amechoka kumgombeza. Alikuwa amefurahia utulivu.

"Kila nikienda naambiwa ni umri. Sawa, umri ninao, sikuuiba. Lakini jirani yangu ni mkubwa kwangu, na umri wake haumlazi juu ya sufuria." Wakacheka tena, ila kidogo. Mama hakucheka. Aligeuza mkufu wake shingoni, akausukuma huku na huku. "Kuna lingine. Sikumwambia mtu. Siku moja nilisimama mlangoni kwangu, nikalitafuta jina la marehemu mume wangu, nikalikosa. Mtu niliyeishi naye. Nikakaa pale kizingitini, nikaogopa kuingia ndani ya nyumba bila jina lake. Nikakaa mpaka likarudi. Nikajiambia, wakisema tena ni umri, basi nitajua ndiyo safari yenyewe, nifungashe." Akavuta pumzi. "Nimemaliza."

Sasa waliruhusiwa kusema. Mpasuaji alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Kisha daktari kijana akasimama nyuma kabisa. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mama," alisema, "ni mimi niliyekuambia ni umri."

"Nakujua, mwanangu. Nilikuwa sitaki kukuaibisha."

"Ulikuwa umesema baridi. Ukasema na usingizi. Sikukusikia. Nilikuwa nawaza... alama." Akakaa. "Nadhani sistahili kupewa za leo."

Hapo ndipo ukumbi ulipofumuka. Mpasuaji alisema ni shingo, tangu lile neno la sauti alijua ni shingo, nusura afe kwa kujizuia. Daktari wa meno alisema naye alijua. Mwenye miwani aliinuka taratibu, akamshika mama shingoni kwa vidole, akamwambia ameze mate, ameze tena. "Tezi ya shingoni," alisema. "Imezembea kazi. Kupima damu tutapima, tusiseme kabla ya kipimo, lakini ikiwa ndiyo, mama, una kidonge kidogo cha kila asubuhi, na sauti yako itarudi kuvuka barabara."

"Na jina la mume wangu?"

"Na jina la mume wako."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya gauni la sherehe. Dokta akageukia ubao, akaufuta, ingawa haukuwa umeandikwa kitu.

Muda wa kutoka ulipofika, walisaini kwa kupanga mstari, na hakuna aliyekimbia. Daktari kijana alimwandikia mama siku na chumba, akamwambia atamngojea mlangoni mwenyewe. Mpasuaji alimshika Dokta mkono kwa nguvu. "Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza kujua chai inafuatwa na nini."

*

Ukumbi ukabaki na watu watatu. Mwenye miwani aliinua cheti kimoja, akakitazama kwenye mwanga.

"Mimi nimo kwenye kamati ya mafunzo ya Baraza," alisema. "Vituo vyote vyenye kibali navijua. Chako sikijui. Na katika mhuri huu naona mkia wa kuku."

Masikio yake hayakuwa yamechoka hata kidogo.

Dokta alimtazama mama. Mama alimtazama Dokta, uso mtulivu, umekaa kama mtu anayesubiri basi. Uongo wa kila aina ulimjia mdomoni, umejipanga foleni, umevaa vizuri. Akakuta hawezi kuuita hata mmoja.

"Nilisoma..." alisema.

"Hakusoma popote, daktari," alisema mama. "Aliuza fremu za miwani. Na viwanja. Na dawa ya nywele, unaona mwenyewe."

Dokta akakaa chini kama mtu aliyeona damu. "Mama, umejua tangu lini?"

"Tangu siku uliyonipima homa kwa kunishika kiwiko."

Mwenye miwani alijikohoza, akageukia dirishani, mabega yakitikisika.

"Na hukusema?"

"Niseme ili iweje? Daktari wa uongo alikuwa ananipeleka kliniki kila wiki, ananibebea mkoba, anaona haya kunikataa. Ningekuambia najua, ungerudi kuwa mwanangu wa zamani, wa kuonekana sikukuu hadi sikukuu." Akanyoosha gauni. "Kisha dada yako akaniambia umewakusanya madaktari wa mji mzima katika chumba kimoja. Nikasema, haa! Mimi nipange foleni ya nini tena? Nikatafuta gauni."

Ilimchukua Dokta muda kuelewa kwamba mtu pekee aliyetoka kwenye semina ile na alichokifuata alikuwa bibi mgonjwa wa mstari wa mbele.

"Basi angalau ada..." alisema kwa sauti ndogo, akageukia meza ya shemeji. Meza ilikuwa tupu. "Shemeji amekimbia na mkoba!"

"Amekimbia na wangu," alisema mama. "Nilikutana naye mlangoni akitoka mbio. Nikakohoa. Akasimama, mkwe mwema yule, ana adabu. Nikamwambia, mbona umelemewa hivyo, lete nikushikie wako, nawe nishikie wangu. Utamkatalia mama mkwe? Akanipa kwa mikono miwili, macho chini, kisha akachepuka." Akaupiga mkoba mweusi magotini mwake. Haukulia kama kayamba. "Saa hizi yuko kwenye basi na vidonge vya mgongo."

Akamkabidhi mwenye miwani mkoba. "Warudishie watoto wa watu chao."

"Nitawarudishia," alisema yule daktari. "Na kipindi cha leo ni batili. Watakirudia kwa halali, chini ya Baraza. Watalia." Akamgeukia Dokta, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza Dokta alijihisi anasomwa. "Polisi ni jengo la pili kutoka hapa. Lakini mwaka mzima nimehudhuria semina za watu wenye shahada za kujaza ukuta, na leo ndiyo siku pekee hakuna aliyekoroma. Kwa hiyo nakupa uchague. Polisi, au kazi kwetu."

"Nitafundisha?"

"Usinichekeshe. Utaugua."

"Nitaugua?"

"Tuna mafunzo ambayo mtu hujifanya mgonjwa na madaktari hujaribu kujua ana nini. Wagonjwa wetu wa kuigiza ni makarani. Hawajui kudanganya, wanacheka. Wewe tutakupa ugonjwa, utausoma nyumbani, utauficha kwa kadiri ya kipaji chako. Asiyekusikiliza vizuri hakupati."

"Na malipo?"

"Chai."

"Anakubali," alisema mama.

*

Sheria ni kitu cha ajabu. Dokta, aliyejenga mradi mzima juu ya watu kutoka baada ya chai, sasa ndiye wa mwisho kutoka katika semina zile, kwa sababu mgonjwa hutumika kipindi cha mwisho. Wenzake wakila biskuti, yeye hukaa chumba cha pembeni na joho la hospitali lililo wazi mgongoni, akirudia kimoyomoyo mahali anapoumwa. Dirisha la choo limewekwa nondo. Aliuliza kwa nini, akaambiwa ni kwa heshima yake.

Amekuwa na figo, amekuwa na pumu, mara moja amekuwa na mimba changa kwa makosa ya karani, akaiigiza vilevile mpaka mwisho. Daktari kijana wa kliniki humpata kila mara. Humwacha aseme mpaka aishiwe, kisha humuuliza taratibu, "Na lingine?" Dokta hulichukia sana swali hilo. Siku moja, katikati ya kuumwa tumbo la bandia, alijikuta anamweleza jinsi alivyokuwa akiondoka kila asubuhi kwenda hospitali isiyokuwepo, akizunguka mjini mpaka jua lishuke, asijue aende wapi. Daktari kijana aliandika yote. Akapata alama zake.

Mama anameza kidonge chake kila asubuhi. Sweta amelirudisha sandukuni, na jina la mume wake halijapotea tena. Mtaani bado anasema mwanawe anafundisha madaktari. Dokta huinamisha kichwa akisikia, kwa maana safari hii neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli, kwa mtu asiyeuzoea, huwasha kama shati jipya.

Jana alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi hana la kumnyoa, alikuwa amekwenda kupiga soga tu. Mara ikaja sauti kutoka ng'ambo, imevuka barabara, imevuka pikipiki na redio ya muuza viatu, safi kama kengele:

"Dokta! Njoo ushike mkoba!"

Kinyozi akasikia. Wateja wa kinyozi wakasikia. Dokta akainuka mara moja, kama shemeji yake.